Jina la Kaka Chini ya Kila Ukurasa

Sijamwambia mtu: leo nimemfuta kaka yangu.

Kaka Ambokile ndiye aliyeandika programu ya ghala la kakao hapa Ipyana, ambayo maghala mengine pia huitumia. Kila mara programu hiyo inapojengwa upya, kompyuta husoma maelezo aliyoyaacha ndani yake na kutengeneza yenyewe kurasa za mwongozo. Chini ya kila ukurasa aliweka: "Ukikwama, nipigie. Ambokile." Na namba yake.

Alifariki nilipokuwa nimemaliza tu shule, na kazi ya kuitunza programu nikaachiwa mimi.

Simu yake anayo mama. Mafundi wa maghala mengine wakipiga, huitika: "Ndaga, asante, baba. Ambokile hayupo tena, lakini sema tu, mdogo wake atakujibu." Kisha huniita, uso umemchangamka.

Leo asubuhi msimamizi wa ghala aliniambia taratibu, "Binti, watu wanampigia marehemu. Weka namba ya ofisi."

Nikabadilisha mstari mmoja kwenye kiolezo cha kurasa hizo, nikajenga upya. Kurasa zote zikatoka bila yeye.

Sekunde chache tu, jamani.

Jioni nimemkuta mama uani, simu mkononi.

"Tumpe mwanangu, leo hajapiga hata mmoja. Wamemsahau?"

"Mtandao unasumbua, mama."

Akatembea hadi kwenye migomba, akainua simu juu, akasimama hivyo.

Mngekuwa mimi mngesemaje? Niandikieni hapa, mama hayumo kwenye kundi hili. Ila mkikutana naye sokoni Mbugani, tafadhali, msimwambie kuwa ni mimi.