Mazoezi ya Kuzama Katika Tangi la Kahawa

Hali ya Hatari ya wakati wa vita vya Mau Mau ilipokuwa ikielekea ukingoni, rafiki yangu alinunua gari kuukuu, akaamua kwamba likizo ya Agosti tuteremke Mombasa, tufuate barabara ya pwani hadi Tanga, nchi ya Tanganyika, tukazamie baharini. Tulifundisha shule moja pale Thika. Yeye alizaliwa magharibi, kando ya ziwa, akajua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Mhindi mmoja wa Tanga, tuliyesoma naye chuo kikuu, alikuwa na mitungi ya hewa ya kuvaa mgongoni.

"Utaona samaki wa kila rangi," aliniambia. "Halafu tulale mchangani wiki nzima. Unahitaji kupumzika, bwana."

"Nimechoshwa na nini?"

Jibu alilijua. Kaka yangu alikuwa amefia kizuizini mwaka uliotangulia. Tuliambiwa tu, kaburi hatukuonyeshwa. Tangu hapo nilikula, nikafundisha, nikalala. Niliikubali safari kwa sababu sikupata hoja ya kuikataa.

Lakini sikujua kuogelea. Kwetu mto ni wa kuchota na kuvuka. Kwa hiyo Jumamosi tulikwenda shamba moja la kahawa huko Ruiru, ambako binamu wa rafiki yangu alikuwa mnyapara. Msimu wa kuchuma ulikuwa haujafika, akatujazia maji tangi la kulowekea kahawa. Lilinifika kifuani, na lilinuka maganda yaliyochacha. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliacha majembe wakaja kutazama.

"Mwalimu, elea tuone!" mmoja alipaza sauti. "Kahawa mbovu ndiyo huelea!"

"Huyu ni kahawa nzuri," mwenzake akasema. "Ona anavyokwenda chini."

Nilitumbukiza kichwa. Nilitarajia hofu, au angalau ukimya wa kipekee. Kulikuwa sawa na huku juu. Rafiki yangu alinivuta kwa bega.

"Nilisema ujaribu, sikusema uhamie!"

Kwa sheria za Hali ya Hatari, mimi Mkikuyu nililazimika kuomba kibali cha kusafiri, yeye hakuhitaji. Kilitoka bila shida, na hilo pia halikunifurahisha. Siku ya kuondoka tulipita Ruiru, katika kijiji ambako serikali ilimhamishia mama yangu kwa nguvu. Nilikuwa sijamwambia.

"Samaki wenyewe hatuwali," alisema. "Unawafuata kwao kufanya nini?"

"Kuwasalimu tu, mama," rafiki yangu akasema.

"Na wakimweka huko?" Hakucheka. Alinigeukia. "Nimebaki na wewe peke yako."

Nilimwambia ninaweza kubaki. Ninaweza pia kwenda. Kwangu yote mamoja.

Jibu hilo lilimtisha kuliko bahari. Aliniambia nifungue viganja. Kwetu anayekwenda mbali hubarikiwa na baba kwa mate. Baba alikufa zamani, na kazi hiyo ikawa ya kaka. Mama, mtu wa kanisa aliyetukataza mila hizo tangu utoto, alinitemea mate kidogo viganjani, kisha akasema amina.

Ningekuwa mimi wa zamani, ningemuuliza anamwomba Mungu yupi, wa mate au wa amina. Nilijipaka kifuani inavyopaswa.

"Nenda," alisema. "Nenda huko ukaogope kitu, mwanangu. Hata kidogo. Halafu urudi."

Nilimwahidi kurudi. La kuogopa sikuliahidi, nikaingia garini.