Mwaridi Juu ya Vigae

Mke wangu alianza kuotesha miwaridi mifupi baada ya sisi kuhamia ploti ya kupanga mjini Kakamega, ili awe karibu na hospitali. Nyumbani kwetu, upande wa Malava, alikuwa ameacha shamba. Hapa mjini alipata baraza ya saruji, nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawakuweza kupishana bila mmoja wao kugeuka ubavu. Alinunua miche michache kwa mama mmoja auzaye maua kando ya barabara, ya ile aina isiyopita goti, yenye maua mekundu madogo yanayotoka kwa vishada. Akaipanda katika ndoo tupu za rangi ambazo mafundi walikuwa wamezitupa nyuma ya ploti.

Alipoanza kudhoofika, mimi ndiye niliyekuwa mikono yake. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki, shuka miguuni, akaniongoza. Nilipasha msumari moto jikoni nikatoboa kitako cha kila ndoo mahali pengi. Nilitandaza vipande vya matofali chini, kisha udongo. Udongo wetu mwekundu ukiachwa peke yake ndani ya ndoo hushikana na kuwa mgumu, kwa hiyo aliniamuru niuchanganye na mchanga wa mtoni na samadi iliyokwisha kupoa. Ndoo zenyewe zilikaa juu ya mawe, ili matundu yasizibwe na sakafu.

"Mbona unahangaika na matundu hivi?" nilimuuliza siku moja. "Maji ndiyo chakula cha mmea."

"Kwa Kakamega hii? Mvua kila alasiri? Mzee, mizizi nayo inapumua. Ukiona maji yameingia, hakikisha umeyaona yakitoka."

Nilitii. Nilijifunza kumwagia maji udongoni bila kulowesha majani, kwa sababu jani linalolala na maji huamka na madoa meusi. Nilijifunza kukata tawi juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili kichaka kisijisonge katikati. Asubuhi nilizisogeza ndoo zipate jua, na mvua ilipokuwa kubwa mno nilizisukuma ukutani, chini ya bati.

Kisha akalazwa, na safari hii hakurudi upesi kama zamani. Nilishinda wodini, baraza ikabaki bila mtu. Madoa yakaenea, majani yakapukutika, na miwaridi ikafa mmoja baada ya mwingine mpaka ukabaki mmoja tu, ule uliokuwa pembeni kabisa ambako upepo ulipita vizuri. Nilikata vipande vya matawi yake nikavichomeka udongoni ili nipate miche mingine. Vyote vilioza.

Nilimweleza hayo kitandani kwake, nikidhani atasikitika. Alifikiri kidogo, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani: "Basi huo uliobaki mtaniwekea kaburini. Sitaki yale maua ya plastiki yanayopauka. Huo, na uwe hai."

Sikumjibu kwamba atapona. Hakuwa mtu wa kudanganywa. Nilimwambia nimesikia, na kabla ya Jumapili kufika alikuwa ameaga dunia.

Tulimzika nyumbani. Kwetu kaburi huachwa kwanza kuwa tuta la udongo; baadaye, familia ikijipanga, huja siku ya kulijenga kwa saruji na vigae, watu wakaomba na kula. Kuupanda mwaridi kwenye tuta kungekuwa kuuandaa kwa ajili ya koleo za mafundi. Niliutunza mjini, katika ndoo yake, nikingoja siku hiyo. Ulitoa majani mapya, mekundu kama shaba yanapoanza, na vitumba vya maua.

Kaka yangu mkubwa ndiye mwenye boma tangu baba yetu alipofariki. Yeye ndiye aliyemtafuta fundi, na ni yeye aliyekumbuka ombi la marehemu bila kukumbushwa. Nilipofika asubuhi ya siku ya kujenga, nikiwa nimeipakata ndoo, alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja kaburini. Vigae vyeupe vilikuwa vimekwisha kuwekwa. Upande wa kichwa, chini ya msalaba, palikuwa na kisanduku cha saruji kilichovishwa vigae ndani na nje, safi kama sinki la hoteli.

"Nyumba ya ua lake," alisema. "Umeionaje, mdogo wangu?"

Nilisema ni nzuri, na ilikuwa nzuri. Kisha nikainama, nikapapasa chini ndani yake.

"Tundu liko wapi?"

"Tundu la nini?"

"La kutolea maji."

Fundi, aliyekuwa akifuta vigae kwa kitambaa, aliinua kichwa. "Mzee, hapo sikuacha tundu. Makaburi yote najenganga hivi. Hapo chini ndipo kichwa kilipo."

"Umesikia?" kaka yangu alisema. "Unataka kumtobolea mwenzako paa? Tumeweka simiti hii yote ili mvua isimfikie, halafu wewe uje umfungulie mfereji kichwani?"

"Basi fundi atoboe ubavuni, maji yamwagikie nje."

"Yateremke na udongo mwekundu juu ya vigae vyeupe?" Huyo alikuwa mke wa kaka yangu, aliyekuja na sinia ya chai. "Shemeji, watu wakipita hapa watasema kaburi linalia. Watasema hakulala vizuri."

"Wacha niuweke na ndoo yake, hapo juu tu."

Kaka yangu aliitazama ndoo, yenye maandishi ya rangi ya ukuta yaliyochubuka, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Ndoo ya rangi? Juu ya kaburi la shemeji yangu? Watu wa kanisa watauliza kama tulimzika ama tulimpaka plasta. Na hawa mbuzi wataiangusha kabla ya jioni."

Watu walicheka, nami pia. Waimbaji walikuwa wamekwisha kufika na mchungaji alikuwa akiangalia mawingu. Nilikusanya vipande vya matofali yaliyobaki, nikavipanga ndani ya kisanduku, chini kabisa, kwa unene niliothubutu, nikijua kwamba matofali huyapa maji mahali pa kukaa tu, hayayapi njia ya kutokea. Juu yake nikatia mchanganyiko wangu wa udongo niliokuja nao, nikaupanda mwaridi. Ulikuwa na ua moja lililofunguka. Mchungaji alilitaja katika sala.

Majuma ya kwanza, kila nilipokuja kutoka mjini, sikuona kasoro. Kisha majani ya chini yakageuka manjano, na juma lililofuata ncha za matawi zikainama. Nilipochomeka kidole udongoni, kilitoka na tope. Nilimkuta mke wa kaka yangu akija kutoka kisimani na jagi.

"Namwagia kila asubuhi," aliniambia, uso umejaa huruma. "Sijasahau hata siku moja. Si unaona vile umelegea? Una kiu, maskini."

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi jambo lenyewe lilivyo katili. Mwaridi unaozama huinama sawasawa na mwaridi wenye kiu, maana mizizi iliyooza haiwezi kunywa, hata ikiwa ndani ya maji. Anayeupenda huuongezea. Nilimweleza taratibu. Aliweka jagi chini, akalitazama kama kitu kilichomuuma.

Nilichota maji kwa kikombe, nikatifua udongo. Mvua ya alasiri ikarudisha yote. Nilimsihi tena kaka yangu kuhusu tundu. Alisema tutalizungumza na wazee wa ukoo, na sikutaka kugombana naye juu ya kaburi. Niliporudi Jumamosi iliyofuata, mwaridi haukuwa na jani hata moja. Nilikwaruza gome kwa ukucha juu, nikakuta kahawia. Nikakwaruza chini zaidi, kahawia. Karibu kabisa na udongo palikuwa na alama ya kijani, nyembamba kama uzi.

Kwa ajili ya uzi huo sikungoja wazee. Nilichukua patasi na nyundo katika ghala la kaka yangu, nikapiga magoti nyuma ya kisanduku, chini, upande usioonekana kutoka njiani, nikaanza kugonga. Kigae kilipasuka. Saruji ilikuwa nzito. Kaka yangu alisikia mlio akaja kutoka kwenye miwa, panga mkononi.

"Unavunja?"

"Natoboa."

Alifungua kinywa kuniambia jambo, na patasi ikapenya. Maji yalitoka meusi, kwa nguvu, yenye harufu ya yai viza, yakateremka juu ya vigae na kuingia nyasini. Yalitoka kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Niliona akingoja yaishe, nayo hayaishi.

"Haya yote," alisema hatimaye, "yalikuwa hapo juu yake?"

"Yalikuwa hapo."

Nilishika shina, na lilitoka bila ubishi wowote, kama mwiko kutoka kwenye uji. Mizizi ilikuwa myeusi. Nilipoipitisha kati ya vidole, ngozi yake ilibanduka zikabaki nyuzi. Nilikwaruza tena pale penye kijani. Labda nilikuwa nimekosea, au palikuwa pamekufa nilipokuwa nikigonga.

"Utachipua?"

"Huu umekufa."

"Lete mwingine. Ule wa mjini."

"Ulikuwa huu peke yake."

Aliweka panga chini. Aliichukua patasi mkononi mwangu, kisha nyundo, akapiga magoti palepale nilipokuwa nimepiga mimi, suruali ikilowa yale maji, akaanza kulipanua tundu, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kupanda.