Mstari Uliofunikwa na Kibodi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mama wa mtaa wa Galbet anayeniuzia maziwa aliingia kibandani kwangu bila salamu. Nilishtuka hapo hapo. Hata akiwa na homa, mama huyu huanza na salamu ndefu.

"Fundi, programu yako imekula mbuzi yangu," alisema, akiniwekea simu mbele. "Sita nimeuza. Pesa imekuja ya mmoja."

Ujumbe wa malipo ulisema shilingi elfu tisa. Mbuzi walikuwa wameshafika kwa mnunuzi, mtaa wa Iftin, na pesa hizo zilikuwa karo ya binti yake, anayetakiwa chuoni Jumatatu. Programu hiyo ya kuuzia mifugo niliiandika mwenyewe, na nilikuwa nimeijaribu kwenye kila simu niliyoweza kuazima.

"Hebu uza tena, ya kujaribu tu," nilimwambia. "Fanya kama jana."

Aligusa kisanduku cha bei. Kibodi ikapanda, programu ikapima kimo chake, na maandishi ya chini ya kisanduku yakasogea juu, yakasomeka: "Bei ya mbuzi wote." Nikashusha pumzi. Papo hapo akabadilisha kibodi, akaleta ile ya tarakimu kubwa aliyowekewa na binti yake kwa sababu ya macho. Hiyo ilikuwa ndefu zaidi. Programu haikupima tena. Maandishi yakazama nyuma yake.

Wala hakuwa na sababu ya kuyatafuta. Katika soko la mifugo hapa, bei inayotajwa ni ya kichwa kimoja. Mimi, mtu wa kuja, niliandika kama muuza duka anayetaja jumla.

Nilifungua kumbukumbu za mauzo. Zilionyesha amekubali elfu tisa kwa wote sita. Mnunuzi angeamua kunyamaza, hakuna ambaye angemwamini mama.

Simu yake ikalia. Ni mnunuzi; mama akaiweka kwenye spika.

"Eddo, shangazi yangu, jana umeniuzia mbuzi au umenitolea sadaka? Nilibonyeza kulipa tu, hesabu nimefanya leo."

"Sadaka, na hilo tumbo lako? Leta pesa yangu!"

"Wallahi natuma sasa," alisema, akicheka.

Mimi sikuweza kucheka. Niliketi kuandika upya, programu ipime kibodi kila inapobadilika kimo, hadi mama aliponionyesha ujumbe mpya: shilingi elfu arobaini na tano.