Mama Saba na Karatasi za Siku Mbili

Kwa miaka ishirini na mitatu mwalimu huyu alifundisha Kiingereza katika darasa lenye madirisha manne, na huko alijulikana kwa jina alilopewa na wazazi wake. Sisi tuliosahihisha naye mtihani wa taifa tulimwita Mama Saba, na hata leo nikikutana na mtu wa kundi lile, hatuna jina jingine la kumtajia.

Jina hilo lilitokana na kazi. Karatasi zilisahihishwa kwa mzunguko: watu kumi katika meza moja ndefu, kila mmoja na swali lake moja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Ukimaliza lako, unaisukuma karatasi kwa jirani. Yeye alipewa swali la saba. Mimi niliketi kushoto kwake na la nane, hivyo hapakuwa na karatasi iliyonifikia pasipo kupitia mikononi mwake. Mwisho wa meza aliketi mzee mnene wa masihara aliyesahihisha insha. Huyo tulimwita Babu Insha.

Tulifanyia kazi hiyo katika shule ya bweni iliyokuwa likizoni. Siku tulipoingia, geti lilifungwa, simu zetu zikatiwa katika bahasha, na tukaambiwa kwamba hatoki mtu mpaka karatasi ya mwisho ikamilike. Tulilala katika vitanda vya watoto, miguu ikining'inia nje.

"Wafungwa wenzangu," Babu Insha alizoea kutusalimu asubuhi, "mmeamkaje? Mmeshahesabiwa?"

Swali la saba lilikuwa sentensi fupi yenye pengo: watoto walingoja mlangoni, kisha pengo, kisha mwalimu akaja. Mtoto alitakiwa kujaza neno la Kiingereza lenye maana ya hadi. Mwongozo wa kusahihishia ulitaja neno moja tu, until. Lakini watoto ni watoto, na wengi kiasi walijaza till.

Mimi na Mama Saba tulisomea shule za misheni, ingawa si shule moja. Sista wa shule yangu aliyaandika maneno hayo mawili ubaoni, moja juu ya jingine, akatuambia kwamba ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja ameshiba kuliko mwenzake. Naamini Mama Saba naye alifundishwa vivyo hivyo, kwa maana alipoikuta till ya kwanza hakusita hata kidogo. Aliitia alama ya vema, akasukuma. Alifanya hivyo siku mbili nzima, nami nilimwona, wala sikudhani kuna jambo.

Asubuhi ya siku ya tatu msimamizi mkuu alitukusanya. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya upole, asiyevua tai hata Jumapili.

"Meza nyingine wameuliza habari za swali la saba," alisema. "Till haimo katika mwongozo. Kisichokuwamo ni kosa."

Mama Saba alinyoosha mkono. "Samahani, mkuu. Maana yake si ileile?"

"Ni ileile, mama."

"Sasa mtoto amekosa nini?"

"Mama yangu, hapa hatusahihishi maana. Tunafuata mwongozo."

Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayekuonyesha mlango wa choo. Mama Saba akashusha mkono wake taratibu, na lile alilokuwa ameshalifanya hakulitaja. Tulirudi mezani, na tangu saa hiyo kila till iliyompitia aliitia alama ya kosa.

Tulipokuwa tukinywa chai ya saa nne ndipo alipotuambia. "Jamani, nimeharibu. Juzi na jana nilikuwa nawapa."

Karatasi za siku hizo mbili zilikuwa elfu mbili na ushei, zimekwisha kujumlishwa na kufungiwa katika chumba cha makabati. Kila mmoja wetu aliweka kikombe chini.

"Umelisema, tumelisikia," alisema Babu Insha. "Sasa limeze na chai."

Kiongozi wa meza yetu, mwanamke aliyemwachia mama mkwe wake mtoto wa miezi saba, alimshika mkono. "Dada, nakuomba. Mabunda hayo yakirudi, tutajumlisha upya sote. Meza yetu ndiyo itakayobaki humu ndani wenzetu wakiondoka. Mwanangu atanisahau sura."

Mama Saba akanigeukia. "Na wewe, kaka?"

"Mimi nisemeje, dada yangu? Wale wa siku mbili wamebahatika. Waachie bahati yao."

Nilidhani nimesema neno la huruma. Yeye akaniuliza, "Na hawa ninaowachinja tangu asubuhi?"

Hapo ndipo alipokwama. Akinyamaza, mtoto wa siku ya pili angepata alama, na mtoto wa siku ya tatu angeikosa kwa neno lilelile. Akisema, wale waliokwisha kupata wangenyang'anywa, na mkono wa kuwanyang'anya ungekuwa wake. Alizunguka uani akiwaza, akaiona njia moja ya tatu, kwamba mkuu akubali kuwapa wote. Lakini kuiomba njia hiyo kulimlazimu kwanza kukiri.

Alivumilia siku tano. Chakula kikawa kinamshinda. Jioni alitembea kando ya ukuta, toka geti hadi jikoni na kurudi, mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu. Mezani karatasi zilianza kulundikana mbele yake, na sisi tuliokuwa chini yake tukakaa bure.

"Mama Saba," aliita Babu Insha, "mto umeziba huko juu? Huku tumekauka."

"Unakuja, babu. Tulia."

Siku ya nane, muda mfupi kabla ya adhuhuri, kalamu yake ilisimama kabisa. Niligeuka. Mbele yake palikuwa na karatasi ya mwandiko mdogo, safi. Katika lile pengo mtoto alikuwa ameandika until. Kisha akabadili nia, akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika till.

"Alikuwa nalo," alisema Mama Saba. "Kaka, tazama. Alikuwa nalo mkononi, akaona yote ni sawa, akachagua."

"Mpe kosa tuendelee," kiongozi wa meza alinong'ona. "Tafadhali, dada."

Mama Saba alifunika kalamu yake. Akainuka na karatasi ile mkononi, akavuka ukumbi wote huku meza baada ya meza zikimtazama, akaingia ofisini kwa mkuu.

Alikaa humo kiasi cha saa moja. Aliporudi, hakuketi.

"Nimemwambia yote. Nimemwomba awape wote. Amepiga simu makao makuu, wamemjibu wasawazishwe na waliokosa." Alichukua kalamu yake mezani. "Watasawazishwa. Nitawasawazisha mimi, na kujumlisha nitajumlisha mimi na karani. Nimemwambia kosa si la meza. Ninyi mtatoka na wenzenu."

Hakuna aliyemshukuru. Kiongozi wa meza alilia kidogo, akaendelea na swali lake.

Siku ya kufunga tulirudishiwa simu zetu, tukatoka kwa furaha ya watoto wa shule, nami nikiwamo. Nilipopita dirisha la chumba cha makabati nilimwona ameketi kati ya mabunda, anaifuta alama yake mwenyewe ya vema, anatia ya kosa, na pembeni anaweka sahihi yake, kama kanuni ilivyotaka. Aliniambia baadaye kwamba watoto walikuwa mia tatu na kumi na wanne. Kwenye usahihishaji hakuitwa tena.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa shule yake, na siku moja niliketi nyuma ya darasa lile la madirisha manne nikimngoja amalize kipindi. Alikuwa akipita baina ya madawati. Msichana mmoja alimwinulia daftari.

"Mwalimu, hapa umenikosesha. Nimeandika till."

"Nimeona."

"Lakini kamusi inasema ni sawa na until."

"Kamusi inasema kweli."

"Sasa kosa langu liko wapi?"

Mama Saba aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto. "Huna kosa. Ila siku ya mtihani kamusi haitakuwepo. Atakayekusoma ni mtu aliyefungiwa ndani, na huko ndani analo neno moja tu."

Msichana akafikiri. "Hatoki?"

"Mpaka amalize."

"Pole yake," alisema msichana, akaandika until.

"Pole yake kweli," alisema Mama Saba, akasogea kwenye dawati lililofuata.