Ekseli ya Mdogo Wangu

Walisema gari lile halitapanda kilima cha Kisarawe kwa nguvu zake lenyewe. Wengine walisema nimeleta banda la kuku kutoka Maskati, kwa sababu lilishushwa kwangu Kibaha likiwa halina viti, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, na rangi yake huwezi kusema ilikuwa nini. Jirani yangu, mtu wa Kaskazini aliyehamia Pwani zamani, aliniambia mwenye akili angerudi na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, akabebea watu matofali. Nilimjibu kwamba nina diploma ya ufundi wa magari, nimefanya kazi Uarabuni chini ya mabosi wagumu, na injini ile ya silinda nane nitaiamsha mwenyewe. Nikaiamsha. Siku ilipowaka, mabati ya jirani yalitetemeka. Alitoka nje na kikombe chake cha chai, akasikiliza, na habari ya kirikuu ikaishia hapo.

Lakini aliyeninyima raha si jirani. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, aliyebaki kijijini kwetu Msimbu na mikorosho, mihogo na pikapu yake iliyochoka. Nilipokuwa ugenini nilituma fedha, mama akaezekewa nyumba. Mama alimshukuru yeye, kwa sababu ndiye aliyepanda juu kupigilia misumari. Akiumwa mtu, anaitwa yeye. Mbuzi akipotea, anaitwa yeye. Mimi naitwa siku ya kula.

Ndiyo maana harusi ya mpwa wetu, binti wa dada yetu mkubwa, niliishika kwa mikono miwili. Kwetu mjomba ndiye anayemtoa mwali nyumbani kwao, na wajomba wakiwa wawili, mkubwa hutangulia. Mume alikuwa Kibaha. Nilitangaza mapema kwamba mwali atatoka Msimbu ndani ya gari langu, na watu wa Kisarawe watalisikia kabla ya kuliona.

Nikaenda kuwaonyesha. Wakati wa kurudi, kwenye kile kilima, mbele yangu nikaikuta pikapu ya mdogo wangu imejaa mihogo, inapanda kwa kukohoa. Nikakanyaga mafuta nimpite vizuri, anione. Nyuma pakalia kama mtu aliyevunja mfupa, gari likasimama. Injini inanguruma, tairi hazizunguki. Difu imekufa. Difu ni lile tumbo la meno ya chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, yaani mhimili wa tairi. Linapokea nguvu ya injini na kuigawa kwenye tairi mbili, na lile langu lilitengenezwa kwa injini ndogo, si ya silinda nane. Mdogo wangu alishuka, akatoa kamba ya kufungia mihogo, akanivuta mpaka Kibaha. Kila kijiwe tulichopita walimpungia mkono yeye.

Sasa ilibidi nitafute ekseli nyingine, na hapo kila mtu akawa mtaalamu. Huku kwetu ekseli inapimwa kwa magunia ya mkaa. Wakisema nzuri, maana yake imebeba mkaa mwingi kutoka porini na haikupinda. Mfugaji mmoja wa Magindu, rafiki yangu, alinisisitizia niweke ya lori lake bovu. Alisema imebeba ng'ombe tangu watoto wake hawajazaliwa.

Nilimweleza taratibu. Ng'ombe wanakandamiza kutoka juu, ila injini yangu inasokota kutoka ndani, na chuma kinachovumilia kukandamizwa si lazima kivumilie kusokotwa. Tena difu ya lori imepangwa meno ya kuvuta polepole. Ukiiweka kwenye gari la mbio, injini itapiga kelele na bodaboda watakupita. Na ni pana mno, tairi zingechomoza nje ya bodi kama masikio. Ya teksi ingeingia vizuri, lakini shafti zake nyembamba za kuzungushia tairi ningezikata siku ya kwanza. Nilitaka ekseli yenye shafti nene, meno ya kati, upana unaoingia chini ya bodi, na difu iliyokaa katikati kabisa ili propela, lile bomba refu linaloleta nguvu kutoka mbele, inyooke. Nilizunguka kwa wauza vyuma chakavu wote na futi yangu ya kupimia. Haikuwapo.

Nilijua ilipo. Ilikuwa Msimbu, chini ya mkorosho wa mdogo wangu, imetoka kwenye gari kuukuu la porini alilonunua mnadani kwa ajili ya injini. Kuku walikuwa wanatagia pembeni yake. Nilikuwa nimeshaipima kwa macho, na sikutaka kumwomba.

Dada alinipigia simu. Aliuliza habari ya gari, nikamwambia bado lipo juu ya mawe.

"Ikifika Alhamisi lipo juu ya mawe," akasema, "mwali atapanda pikapu ya mdogo wako. Ameshaiosha."

Ameshaiosha. Neno hilo lilinipeleka Msimbu asubuhi yake. Mdogo wangu hata hakuniacha nimalize kueleza. Aliwafukuza kuku kwa mguu.

"Chukua, kaka. Kata utakavyo."

Angekataa ningemwelewa. Alinisaidia kupakia, akanipa na mihogo.

Sikuwa na vifaa vya kutosha. Jirani akaniazima jeki, mfugaji wa Magindu akaleta mnyororo wa kunyanyulia, fundi wa mageti akatoa mashine ya kuchomelea. Lakini kazi niliifanya mimi. Nilikata vikalio, vile vyuma springi zinapokalia, nikavihamisha vilingane na bodi yangu, nikafupisha propela, nikaunga breki. Ekseli iliingia kama imezaliwa pale, na Alhamisi gari likashuka kwenye mawe. Ijumaa nilipanda kilima cha Kisarawe mafuta yamekanyagwa mpaka chini, na nyuma pakawa kimya.

Nilimtoa mwali. Gari limepambwa kanga na maua, dada analia, vigelegele vinazama ndani ya mngurumo. Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, usikimbize, nataka wanione," nikaenda mwendo wa kutembea.

Tulipofika Kibaha nilishuka kupokea sifa zangu. Jirani alikuwa amefika kabla yangu, anawaambia wakwe kwamba bila jeki yake pasingekuwa na harusi. Fundi wa mageti alikuwa ameinama na shemeji za mwali, anawaonyesha mashine yake ilipopita. Mfugaji aligonga tairi ya nyuma kwa fimbo.

"Gari letu limetufikisha," akasema.

Letu. Na baba wa bwana harusi, mtu mzima niliyempa shikamoo, akaniitikia marahaba macho yake yakimtafuta mtu nyuma yangu. "Huyo mwenye ekseli ndiye yupi?" akauliza. Wakamletea mdogo wangu. Alikuwa anashusha masufuria kwenye pikapu, shati limelowa jasho. Akapewa kiti cha mbele.

Pilau ile sikuimaliza.

Kesho yake nilianza kurudisha. Jeki niliirudisha nimeisafisha mpaka jirani akaigeuza mara mbili kuhakikisha ni yake. Mnyororo niliupaka grisi. Mashine ya fundi wa mageti niliibadilishia waya uliochakaa. Mwisho nililipandisha gari juu ya mawe, nikatoa ekseli, nikang'oa vikalio na kuvichomelea tena pale pale vilipokuwa mwanzo. Nikakodi kirikuu mpaka Msimbu.

Mdogo wangu aliitazama, akanitazama.

"Umepata nyingine, kaka?"

"Nitapata."

"Si ungekaa nayo tu. Mimi naifanyia nini?"

"Ni yako," nikamwambia. "Kagua."

Hakukagua. Tuliishusha chini ya mkorosho, na kabla kirikuu hakijageuza, kuku mmoja alikuwa ameshakaa juu yake. Nilisimama pale nikajisikia mwepesi. Sikuwa na chombo cha mtu kwangu, hata spana. Kule Kibaha gari halikuwa na miguu ya nyuma, lakini kila kilichobaki kilikuwa changu, na hakuna wa kukigonga kwa fimbo akasema letu.

Kirikuu hakikuwa kinarudi Kibaha, kilikuwa kinakwenda Kurui kuchukua mzigo. Mdogo wangu akatoa ufunguo wa pikapu mfukoni.

"Panda, nikurudishe."

Nikamwambia nina haraka, nikaita bodaboda.