Mbao Fupi za Chumba cha Mama

Nakumbuka, mwanangu, wiki niliyojiona fundi hodari kuliko wote hapa Uthiru, kumbe ndiyo wiki niliyomkosea mama yangu. Umeniambia utaenda mjini kununua mbao za sakafu ya nyumba yako. Kaa kwanza nikusimulie, na chai yako usiiache ipoe.

Nilikuwa nataka kumwoa mama yako. Unajua watu wa msichana huja kuona nyumba atakamoishi binti yao, na shangazi yake alikuwa mtu wa kupekua kila kona. Nikaamua sebule yetu iwe na mahogani kama zile nilizokuwa nikiwawekea matajiri wa Karen. Kwenye yadi ya mbao niliangalia za juu ya furushi tu, ndefu, zimenyooka. Sikuuliza za chini zina urefu gani. Kuja kufungua nyumbani, karibu nusu zilikuwa fupi, nyingine hazifiki urefu wa mkono wangu.

Nilikasirika, halafu nikajitia ujanja. Ndefu zote nikaziweka sebuleni. Fupi nikazimalizia chumbani kwa mama, ambaye alikuwa kwa dada yangu kule Waithaka akiuguza goti baada ya kupasuliwa. Nilijiambia huko hakuna mgeni atakayeingia. Kwa haraka niliyokuwa nayo, maungio yakafuatana mstari mmoja, na ncha zikainuka hapa na pale.

Alhamisi akaja Mzee Gurdev, fundi mkongwe aliyenifundisha kazi. Sebuleni alipita tu. Chumbani akavua viatu, akatembea polepole, akasimama katikati.

"Hii chumba ni ya nani?"

"Ya mama, mzee."

"Mama yako anatembea na fimbo. Wageni watakaa masaa mawili waende zao. Hao umewapea mbao ndefu, mama ukampea mabaki."

Nikajitetea kwamba niliuziwa mbao mbaya.

"Hakuna mbao mbaya hapa. Za sakafu huja hivyo, ndefu na fupi. Unafungua zote, unachanganya kila chumba. Wewe umezitenga."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilitamani sakafu ile ile inimeze. Mama alikuwa anarudi kesho yake, wageni Jumamosi. Kuchanganya kulimaanisha kung'oa sebule pia, na muda ulitosha chumba kimoja tu. Nilijua shangazi akikuta saruji tupu anaweza kusema sijawa tayari kuoa, na mama yako nilimpenda kweli. Niling'oa hata hivyo. Mzee Gurdev akakunja mikono ya shati, tukatandaza mbao kwanza bila misumari, ndefu ikifuatwa na fupi, kila kiungo kikikaa mbali na mwenzake. Ijumaa mchana tulikuwa tumemaliza.

Mama aliingia, akaisukuma fimbo mbele yake mpaka kitandani, haikukwama popote.

"Na wageni watakanyaga wapi?" akauliza.

Nikamwambia watakanyaga saruji. Akanishika shavu.

Shangazi alipofika aliangalia chini kabla hata ya kuketi. "Tulisikia kuna mahogani hapa. Umeipeleka wapi?"

"Iko kwa chumba ya mama," nikamjibu.

Akaenda kuhakikisha. Alikaa huko na mama muda mrefu mpaka chai ikabidi ipelekwe huko huko. Alipotoka, alisema tupange siku ya harusi, sebule mimi na mama yako tutaimalizia tukishaoana. Na nyanya yako alitembea kwenye sakafu ile miaka yote iliyobaki ya maisha yake, hakuanguka hata mara moja.

Basi ukifika yadini, usipumbazwe na mbao za juu. Omba furushi lifunguliwe mbele yako, uliza fupi ni ngapi na zina urefu gani, ulipe ukijua unachobeba. Nyumbani zichanganye zote kabla hujapiga msumari wa kwanza. Na ukijikuta unawawekea wageni kizuri na wako wa ndani kilichobaki, simama, ung'oe, uanze tena, hata kama wageni wako mlangoni.

Nenda salama, mwanangu. Mungu aishike mikono yako unapojenga, na yeyote atakayezeekea ndani ya nyumba hiyo atembee bila kuogopa.