Kauli ya Mtaa Wetu

Watu wa komini, utawala wa eneo letu la migodi, walipokuja Manika kuwauliza wazazi kama serikali itoe bon, yaani karatasi ya kumlipia mtoto shule ya binafsi, mtaa wetu ulinichagua mimi niusemee. Mimi na mdomo wangu! Desturi yetu ni kwamba msemaji hupita nyumba kwa nyumba kukusanya maoni. Mkutanoni husimama peke yake, na akishasema, hakuna wa mtaa wake anayempinga mbele ya wageni.

Nilipita kweli. Wengi walisema niseme nitakavyoona. Jirani yangu, mjane anayeuza makaa yatokayo Mutshatsha, hakusita. Binti yake alikuwa darasa la tano katika shule ya serikali, ile ya bure, wanakobanana watano kwenye benchi moja.

"Mama, useme ndiyo," aliniambia. "Uyu mutoto iko na akili, lakini kule mwalimu hata hamuone. Mi siweze kuya ku mukutano, niko na makala ya kuuzisha."

Nikamwahidi.

Lakini mwanangu alikuwa anasoma shule ya binafsi, yenye darasa la watoto wachache na soksi nyeupe. Pale mkutanoni niliwaza watoto wa wachimbaji wakiingia na bon zao, na benchi lake likijaa. Nikasimama nikasema mtaa wetu unakataa, serikali itengeneze kwanza shule zake. Yalikuwa maneno mazuri, hata yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yalinitoka kirahisi. Nilipigiwa makofi. Mitaa mingine ikafuata kauli yetu, na bon haikuja.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtoto wa mwenzangu. Mwaka uliofuata binti yule aliacha shule, na sasa anaosha mawe ya shaba mtoni, mikono imempasuka. Najuta, na majuto yenyewe hayamrudishi darasani.

Waliokuwapo mkutanoni hawakumweleza mama yake nilichosema. Nani angependa kugombanisha majirani?

Juzi nilikwenda kwake kununua makaa. Alinijazia mfuko, kisha akaongeza konzi mbili juu. Nikamuuliza hizo ni za nini.

"Ni za aksanti, mama. Ile siku weye ulitusemea. Ni serikali ndiyo ilikatala."

Nikamjibu kwamba serikali haisikii watu, nikabeba mfuko wangu.